Insulini ya kupaka kwenye vidonda sugu: maswali tunayoulizwa Lamu

Haipiti wiki bila mtu kunisimamisha njiani kati ya Langoni na Mkomani, au kunipigia simu kutoka Faza, akiuliza jambo lile lile: ni kweli insulini ikitiwa kwenye kidonda, kidonda hufunga? Mimi ni muuguzi, na kazi yangu kubwa ni kusafisha na kufunga vidonda. Nimeyaweka hapa maswali kama yanavyonifikia, na majibu kama ninavyoyatoa kwa mdomo nikiwa nimeinamia mguu wa mtu. Majibu mengine ni marefu, kwa kuwa hapo ndipo miguu inapopotea. Hakuna hata moja linalochukua nafasi ya daktari aliyekiona kidonda chako.

Mimi najua insulini hudungwa. Hii ya kupaka imetoka wapi?

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa. Tangu hapo tumeizoea kama dawa ya kuteremsha sukari. Lakini kazi yake mwilini ni pana kuliko hiyo. Ni homoni ya kujenga: huiambia seli ichukue chakula, itengeneze protini, igawanyike. Seli za ngozi nazo zina vipokezi vyake, na hapo ndipo watafiti walipojiuliza: ikiwa ngozi inaisikia insulini iliyo kwenye damu, itafanya nini ikipakwa pale pale palipochanika?

Na ikipakwa, inafanya nini?

Kidonda cha kawaida kina mwendo wake. Damu huganda, mwili huleta seli za kupigana na uchafu, nyama mpya nyekundu hujaza shimo, kisha ngozi hutambaa kutoka kingoni hadi ikutane katikati. Kidonda sugu hukwama kwenye hatua ya kupigana. Hubaki kimevimba, kinatoa maji, na ndani ya maji hayo mna vimeng'enya vinavyokatakata protini. Mwili ukijenga asubuhi, jioni kimebomolewa.

Maabara zimeonyesha kwamba insulini huzisukuma seli za ngozi zitambae, huziamsha seli zinazotengeneza kolajeni, na husaidia vijishipa vipya vya damu kuota. Shida ni kuwa insulini yenyewe ni protini, ndogo, ya asidi amino 51, kwa hivyo vile vimeng'enya huikata pia. Ndiyo maana watafiti wanahangaika na krimu, jeli na bendeji zinazoiachia kidogo kidogo badala ya matone yanayomalizwa nguvu kabla hayajafanya kazi.

Kuna ushahidi kwa watu, au ni panya tu?

Upo kwa watu. Mwaka 2012 watafiti wa Brazil walichapisha jaribio kwa wagonjwa wa kisukari: wengine walipakwa krimu yenye insulini, wengine krimu tupu, bila kujua nani kapata ipi, na vidonda vya waliopata insulini vilipona upesi zaidi. Mwaka 2016 yakatoka India matokeo juu ya vidonda vya kulala: insulini ililinganishwa na maji ya chumvi kwa siku 7, na vya insulini vilipungua zaidi. Iran nako wamejaribu.

Nayasoma matokeo haya kwa furaha, maana insulini ni dawa tunayoijua, na bei yake ni nafuu ukiilinganisha na dawa nyingi za kisasa za vidonda. Ila siwezi kukuficha: makundi yalikuwa madogo, kila mtafiti alitengeneza dawa yake kwa namna yake, huyu kanyunyiza, yule kapaka krimu, na kipimo hakijakubaliwa na wote. Tena siku 7 hazitoshi kuona kidonda kikifunga. Zinatosha kuona kikianza tu.

Mbona basi nikija kliniki sipewi?

Kwanza, karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la insulini inaeleza kudunga. Kidonda haikitaji. Daktari anaweza kuamua kuijaribu kwako, akakueleza faida na hatari, ukakubali, ikaandikwa kwenye faili lako na sukari ikapimwa. Hiyo ni njia halali. Ujumbe wa WhatsApp uliopita mikono arubaini hauko hivyo.

Pili, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote baada ya miguu yote niliyoishika: kidonda cha unyayo hufunga kwa kile tunachokiondoa kuliko kwa kile tunachokipaka. Uzito wa mwili uondoke juu yake. Nyama iliyokufa na ngozi ngumu ya pembeni zikatwe na anayejua kukata. Vijidudu vidhibitiwe, sukari iteremke, na daktari ahakikishe damu inafika hadi vidoleni. Haya yasipofanywa, insulini juu ya kidonda ni sawa na kupaka chokaa ukuta wa mawe unaonyonya maji kutoka chini. Utang'aa wiki moja, kisha chokaa itabambuka.

Katika haya, gumu kuliko yote ni uzito. Njia inayosaidia zaidi kwa kidonda cha unyayo cha mgonjwa wa kisukari ni plasta ngumu (POP) au buti linalofika karibu na goti, lisilovuliwa ovyo, linaloutawanya uzito mguu mzima. Hapa kwetu penye ngazi za mawe, mchanga, na boti ya kuruka kutoka gatini, ni mtihani kwelikweli. Wengi huishia magongo na kiatu kilichotobolewa nafasi ya kidonda. Hata hivyo ni bora mara nyingi kuliko kukanyaga.

Ninayo chupa yangu ya insulini nyumbani. Nikidondoshea matone machache kuna ubaya gani?

Nitakusimulia. Bi mkubwa mmoja, mpishi wa mahamri, alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, kipana kama sarafu ya shilingi 10. Mpwa wake aliona kwenye simu habari ya insulini. Akawa kila asubuhi anavuta kidogo kutoka chupa ya shangazi yake, anadondoshea kidondani, anafunga na kitambaa. Alifanya kwa mapenzi, wala simlaumu. Lakini chupa ikawa haifiki mwisho wa mwezi, na ili itoshe, bi mkubwa akaanza kuruka sindano yake ya jioni. Siku aliyoletwa kwangu sukari ilikuwa 22 (mmol/L), juu mno.

Tukarudisha sindano zake, nikasafisha kidonda, nikafunga. Siku tisa nikifunga, na kidonda kikinitazama vile vile. Siku ya kumi, nikisogeza viatu vyake nipate pa kuweka beseni, nikatia vidole ndani ya kimoja. Kikanichoma. Msumari mdogo wa soli ulikuwa umechomoza kama punje ya mchele, na pembeni mwake ngozi ya kiatu imekuwa nyeusi kwa damu iliyokauka. Kila alipokwenda sokoni, kila aliposimama mbele ya karai la mafuta, msumari ule ulikuwa unaingia mahali pale pale. Hakuusikia hata mara moja. Kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za unyayo wake.

Siku tisa nilifunga kidonda bila kuuliza habari ya kiatu. Kosa hilo ni langu, na tangu siku hiyo sifungui bendeji ya mtu kabla sijatia mkono ndani ya kiatu chake. Kidonda cha bi mkubwa kilifunga wiki ya kumi na moja, bila tone la insulini juu yake. Insulini yote ilirudi kwenye sindano, mahali ilipokuwa inahitajika.

Kwa hivyo ubaya ndio huo: unajinyima dawa inayokuweka hai. Zaidi ya hapo, sindano iliyogusa kidonda ikirudishwa kwenye chupa huingiza vijidudu ndani, nawe unajidunga navyo kesho. Na insulini haziko sawa. Majaribio mengi yalitumia ile ya kawaida, angavu kama maji, wakati watu wengi huku wana ile ya mchanganyiko yenye ukungu.

Ikipakwa, sukari haishuki ghafla?

Kwa vipimo vidogo vilivyotumika kwenye majaribio, sukari kwa kawaida haikushuka kwa hatari. Lakini kidonda kikubwa kibichi si ngozi nzima, kinaweza kunyonya. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa: pima, na kama huna mashine, kunywa kitu chenye sukari kisha upige simu.

Mume wangu hana kisukari ila ana kidonda juu ya kifundo cha mguu mwaka wa pili. Insulini itamfaa?

Dada, kabla ya kuuliza dawa ya kupaka, tuulize kidonda hicho ni cha nini. Ngozi ina sababu nyingi za kupasuka na zote kwa macho hufanana.

Kama kipo upande wa ndani juu ya kifundo, mguu huvimba jioni na ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi kama imeungua, huenda ni vena zinazoshindwa kurudisha damu juu. Hapo dawa ni bendeji ya kubana, inayofungwa kwa ustadi kutoka vidoleni kupanda hadi chini ya goti, na mguu kuinuliwa anapopumzika. Lakini kama mguu ni baridi, umepauka, na usiku maumivu humtoa usingizini hadi auning'inize kando ya kitanda ndipo apate nafuu, hiyo ni ishara kwamba damu haishuki. Mguu wa namna hiyo ukibanwa utakufa. Ndiyo maana hatubani mguu kabla ya kupima mapigo yake.

Kijana mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell), ambao Pwani yetu unao kwa wingi, naye hupata vidonda vya kifundoni visivyopona. Ukoma pia huua hisia za mguu kama kisukari. Na kidonda cha miezi mingi ambacho kingo zake zimeinuka, ni ngumu, au kinaota nyama kama koliflawa, lazima kikatwe kipande kikapimwe, kwani saratani hujificha humo. Kukipaka dawa ya kuhimiza seli zigawanyike kabla ya kujua hilo ni hatari kubwa. Mwaka wa pili, dada, ni mrefu mno. Mlete.

Baba amelala kitandani tangu apooze. Ana kidonda kiunoni na kingine kisiginoni.

Pole sana, na pole kwa mnaomuuguza, maana kazi hiyo haina usiku. Hivi ni vidonda vya kulala, vya aina ile iliyojaribiwa India. Lakini hata insulini ikithibitika kesho, haitashinda godoro. Mgeuzeni kila saa mbili, mchana na usiku, wekeaneni zamu. Visigino vielee hewani kwa kuweka mto chini ya shavu la mguu, na si chini ya kisigino chenyewe. Shuka ikiloa ibadilishwe hapo hapo. Msimburute mnapompandisha juu, muinueni kwa shuka, watu wawili, kwa sababu kumburuta huchuna ngozi.

Na mpeni protini. Nawaona wagonjwa wanaolishwa uji mtupu miezi mitatu huku samaki anashushwa bandarini kila asubuhi. Samaki, mayai, mbaazi, kunde, maziwa: nyama mpya ya kidonda hujengwa kwa hivyo.

Kidonda changu hakiumi hata kidogo. Mnanitishia nini?

Kutouma ndiko kunakonitisha. Kidonda kinachouma kina mlinzi. Mtu atachechemea, atakaa, atalalamika. Kisichouma hukanyagwa asubuhi hadi jioni.

Jaribio hili mfanye leo barazani, linachukua dakika moja. Mgonjwa avue viatu, afumbe macho. Wewe mguse kwa ncha ya kidole chako, kidogo tu kama unyoya ulivyotua, sekunde moja au mbili, usibonyeze. Gusa ncha ya kidole gumba, cha kati, na kidogo cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Vidole ni sita kwa jumla. Akikosa viwili au zaidi, mguu huo umepoteza hisia na unahitaji kuchunguzwa, hata kama hauna kidonda. Nimewahi kulifanya na mzee mmoja mbele ya wanawe. Alikosa vyote sita, naye alikuwa akitushangaa kwa nini hatujaanza.

Mtu wa namna hiyo asitembee bila viatu hata ndani ya nyumba. Champali za kidole kimoja hazimlindi. Na kabla ya kuvaa, akung'ute kiatu, atie mkono ndani.

Asali, papai, mwarobaini, unga wa kapsuli?

Asali ina nguvu ya kweli juu ya vijidudu na hospitali nyingi duniani huitumia, lakini ni asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda. Ile ya chupani sokoni huenda imechanganywa na sukari iliyoyeyushwa, na hata iliyo halisi inaweza kubeba mbegu za vijidudu. Papai bichi limetumika katika baadhi ya hospitali za Afrika kulainisha nyama iliyokufa kwenye majeraha ya moto. Si la kupondwa kwenye ubao uliokatiwa samaki. Mwarobaini ukichemshwa ukaoshewa sijaona ukiua mtu, ila nimeona ukipoteza muda wa mtu.

Unga wa kapsuli za rangi mbili, zile za antibiotiki, hapana kabisa. Hugeuka kigaga kinachofunika usaha, huwasha ngozi, na huwafundisha vijidudu kuishinda dawa. Majivu, kahawa, mafuta ya taa, hapana. Spiriti nayo huchoma nyama mpya iliyokuwa inaanza. Kwa kuosha nyumbani, maji safi yaliyochemshwa yakapoa yanatosha. Mimina juu ya kidonda, usiloweke mguu kwenye beseni.

Insulini si hutolewa kwa nguruwe?

Zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, kwa hivyo swali lako lina msingi na usione haya kuliuliza. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya kibinadamu iliyotengenezwa na bakteria waliowekewa jeni ya mwanadamu, na insulini nyingi za leo hutengenezwa hivyo, kwa bakteria au hamira. Mfamasia anaweza kukusomea jina la aina yako na chanzo chake.

Nina bendeji, na udhu je?

Kupangusa juu ya bendeji badala ya kuosha ni jambo linalojulikana katika fikihi. Muulize shehe wako namna ya kulifanya, na mwambie wazi kwamba daktari amekataza kidonda kisilowe. Sijapata shehe aliyemwambia mgonjwa aloweshe.

Kwa mguu mzima usio na kidonda, nauona udhu kama neema kwa mwenye kisukari. Mara tano kwa siku unainama, mkono wako unapita kwenye visigino na kati ya vidole. Tumia nafasi hiyo kuangalia: kuna ufa? Kuna lengelenge? Kuna pahali pamekuwa na joto kuliko penzake? Kisha kausha kati ya vidole kwa kitambaa, kwani unyevu ukibaki humo huleta fangasi, na fangasi hupasua ngozi. Maji ya moto yajaribu kwa kiwiko kwanza. Mguu usio na hisia hauwezi kukwambia kwamba unaungua.

Ramadhani inakaribia. Nifunge?

Mwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, wala usingoje siku ya pili ya saumu. Mwenye kidonda kilichoingia vijidudu na sukari isiyotulia huwa kwenye kundi la hatari kubwa, na wengi wao hushauriwa wasifunge. Kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi.

Stima hukatika, wengine hatuna friji kabisa. Insulini itaharibika?

Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa hutumika kwa takriban siku 28 mahali pasipo joto kali. Kwetu kuna dawa ya kale ya hili: mtungi. Udongo usiopakwa rangi, ukiloweshwa na kuwekwa kivulini penye upepo, huteremsha joto kadiri maji yanavyovukizwa. Weka chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, ndani ya chombo kikavu, katikati ya mtungi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioanzia kwenye shida ya wagonjwa wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, hapa hapa Kenya, ukaonyesha kuwa insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Habari hiyo iliniondolea mzigo, maana nilikuwa nimewatupia watu dawa ambayo pengine ilikuwa nzima.

Adui mkubwa zaidi ni barafu. Usiiweke kwenye friza pamoja na samaki. Iliyoganda, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri, itupwe.

Chanjo ya pepopunda inahusianaje na haya?

Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na njia zetu ni njia za punda. Kidonda kilicho wazi mguuni ni mlango. Mwambie muuguzi akuangalizie mara ya mwisho ulipochanjwa.

Nitajuaje kama kidonda kinapona au tunadanganyana?

Kipime. Kila Ijumaa, au siku yoyote utakayoishika, pima urefu na upana kwa rula iliyosafishwa, bila kukigusa, andika na tarehe, piga picha kwa simu ukiwa umesimama mahali pale pale penye mwanga. Macho ya anayekiona kila siku hudanganyika kwa matumaini. Kidonda cha kisukari mguuni ambacho eneo lake halijapungua hata nusu baada ya wiki nne za matibabu mazuri, uwezekano wa kufunga kufikia wiki ya kumi na mbili ni mdogo. Hapo ndipo daktari abadilishe mpango: apime damu inayofika, apige picha ya mfupa, achunguze kiatu upya. Na hapo ndipo pia, kwa maoni yangu, ni pahali pa haki pa kumuuliza habari ya insulini ya kupaka, baada ya mengine yote kufanyika.

Lini nisingoje kesho?

Wekundu ukitambaa kutoka kingo za kidonda, hata kwenye ngozi nyeusi utaona weusi uliokolea unaong'aa na joto. Harufu mbaya ya ghafla. Kidole kikiwa cheusi au cha samawati. Homa, kutetemeka, kutapika, sukari iliyokataa kushuka. Mguu uliokuwa hauumi ukaanza kuuma. Mfupa kuonekana au kuguswa ndani ya shimo.

Lolote kati ya haya, ondoka siku hiyo hiyo. Nawasihi hasa watu wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini: boti ya kupita mlango wa bahari wa Mkanda hungoja maji yajae, kwa hivyo saa mlizozipoteza nyumbani mkishauriana huongezwa na saa za bahari. Nimepokea mguu gatini alasiri ambao asubuhi ungeokolewa kwa kukatwa kidole kimoja.

Nikija, nije na nini?

Njoo na dawa zako zote, hata za mitishamba, kwenye mfuko mmoja, na chupa ya insulini kama unayo. Njoo na daftari la sukari na zile picha za Ijumaa. Njoo na mtu anayeishi nawe, atakayejifunza kufunga. Na njoo na viatu vyako, vile unavyovaa kila siku kwenda sokoni na msikitini, hata kama vimechakaa. Ulivyo navyo mguuni na vile vya ndani ya nyumba.